Kabla ya Kupima Ini, Pima Kiuno

Kwa watu wengi wa Tabora, ugonjwa wa ini una sura mbili: mnywaji wa gongo aliyevimba tumbo, na mtu aliyepata homa ya ini macho yakawa ya manjano. Asiyekunywa, na ambaye macho yake ni meupe, hujiona yuko salama. Makala hii inawalenga hasa hao wanaojiona salama: mwalimu, mtendaji wa kijiji, mnunuzi wa mazao, mwenye mashine ya kusaga, dereva wa bodaboda, mama mwenye duka karibu na stesheni ya Usinge, ambao presha imeanza kupanda, sukari imeanza kucheza na nguo za mwaka juzi zimeanza kubana kiunoni. Ini lao linaweza kuwa linaumia sasa hivi bila maumivu yoyote, na wengi wao wanaamini kwamba hawawezi kufanya lolote mpaka wapate nauli ya kwenda kupigwa picha Tabora. Nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kulilinda ini hilo inafanyika hapo hapo Usinge, kwa futi ya fundi cherehani, mashine ya presha na tone la damu la kidoleni.

Tuanze na jinsi mafuta yanavyofika kwenye ini, maana ushauri wote unatoka hapo. Chakula kinachozidi mahitaji ya siku huwekwa akiba chini ya ngozi, kwenye mapaja na makalio, na hapo hakina madhara makubwa. Kihenge kikijaa, nafaka inayobaki humwagwa popote penye nafasi. Na akiba ya mwili ikizidi, mafuta huhamia ndani ya tumbo, kisha ndani ya ini lenyewe. Wakati huohuo insulini, ambayo kazi yake ni kuingiza sukari kwenye misuli na kuyatuliza mafuta yabaki kwenye akiba, huanza kupuuzwa na mwili. Kongosho hutoa insulini zaidi ili isikike, sukari hupanda polepole, presha nayo hupanda, na mafuta yaliyokuwa akiba humiminika kwenye damu mchana na usiku, ini likiwa la kwanza kuyapokea. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walifuatilia chanzo cha mafuta kwenye maini ya wagonjwa tisa, wakakuta asilimia 59 yametoka kwenye akiba ya mwili, 26 yametengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga, na 15 tu yametoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Wagonjwa tisa ni wachache, lakini hesabu yao inaeleza jambo linalowashangaza wengi: mtu asiyegusa nyama ya mafuta wala pombe anaweza kuambiwa ini lake limejaa mafuta.

Ini la namna hiyo haliumi. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya seli zake, daktari huliita ini lenye mafuta. Kwa wengi mambo huishia hapo kwa miaka. Kwa baadhi, mafuta huleta uvimbe, uvimbe huacha makovu, na makovu yakisambaa ini hukakamaa na kusinyaa. Hiyo ndiyo sirosisi, mlango wa tumbo kujaa maji na wa saratani. Hata kabla ya kufika huko, wagonjwa hawa hufa zaidi kwa moyo na kiharusi kuliko kwa ini lenyewe, jambo linaloonyesha kwamba ini ni chumba kimoja tu katika nyumba inayoungua. Madaktari wenyewe walichelewa kulitamka hilo. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walipoueleza uvimbe huu kwa wagonjwa wasiokunywa, waliupa jina lililosema tu kwamba hautokani na pombe. Ilipofika 2023 ndipo vyama vya wataalamu wa ini duniani vilipokubaliana kuuita kwa chanzo chake, yaani mvurugiko wa namna mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Mvurugiko huo hutambuliwa kwa vipimo vitano. Kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, 80 au zaidi kwa mwanamke. Presha ya 130 kwa 85 au zaidi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 5.6 au zaidi kwa kipimo cha milimoli. Mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi, kuanzia 1.7. Na kolesteroli nzuri, HDL, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Mwenye vitatu kati ya hivyo, au aliyekwisha kuanzishiwa dawa kwa ajili yake, ana kile ambacho wataalamu wanakiita sindromu ya kimetaboliki. Hesabu vizuri: vitatu vya kwanza havihitaji maabara kubwa, na vitatu vinatosha. Mtu aliyezidi kwenye kiuno, presha na sukari ameshajua jambo muhimu kuliko yote kuhusu ini lake kabla hajavuka mpaka wa kata.

Kiuno kina namna yake ya kupimwa. Vua shati au pandisha blauzi. Papasa kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha pitisha futi katikati ya hapo, kwa usawa, kuzunguka mwili. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, kwa sababu mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na kupata namba ya kujidanganya. Toa pumzi kama kawaida, usibane tumbo, soma. Kwenye upande wa inchi, 94 ni 37, na 80 ni 31 na nusu. Kama futi haipo, chukua kamba, ikate iwe sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, ikunje mara mbili, kisha jaribu kuzungusha kiuno. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, nayo ni dalili ya hatari kwa mwanamume na mwanamke sawasawa.

Pingamizi la kwanza nalijua: haya ni magonjwa ya Dar es Salaam na Ulaya, huku tunalima tumbaku kwa jembe. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania ambako wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya watu wazima mia. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, karibu 26 wana presha, na zaidi ya 30 wana trigliseridi zilizozidi. Vipimo na watu waliopimwa si walewale, kwa hiyo namba hizo hazilinganishwi kama mizani miwili ya duka moja. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuweza kuelezwa na vipimo peke yake. Kati ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini, waliozidi uzito walikuwa kama 18 kwa mia mwaka 2004, wakafika 28 mwaka 2015. Na ile kauli kwamba mtu mweusi hapati mafuta kwenye ini imechukua nusu ya ukweli. Utafiti wa Dallas, Marekani, uliotolewa 2004, ulikuta Weusi wana kiwango cha chini kuliko Wazungu na Walatino. Kiwango hicho cha chini kilikuwa mtu mmoja kati ya wanne.

Kuhusu jembe, ni kweli kwamba linalinda, na ushahidi wake umepatikana hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja wanaume na wanawake walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani, na wanaume wanaofanya kazi nzito walishuka kutoka karibu 8 kati ya 10 hadi robo tu. Damu ilikuwa ileile; siku ndiyo iliyobadilika. Wakazi wa njia hii ya zamani ya misafara wana sababu ya kulielewa hilo kuliko wengine. Wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19 walibeba mzigo wa kilo 30 na kitu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, au upande huu kuelekea Malagarasi, Uvinza na Ujiji, wakitembea siku baada ya siku kwa miezi. Bonge la ugali jioni lilikuwa mshahara halali wa mwili ule. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na leo pikipiki inamfikisha mtu mpaka mlangoni, lakini sahani haijapungua. Mkulima anayelima kwa mkono mwaka mzima bado ana kinga yake. Anayelima kwa vibarua na kukaa dukani kuanzia asubuhi hadi usiku ameacha miguu ya mpagazi akabaki na chakula cha mpagazi.

Chakula chenyewe nacho kinabadilika, na hapa Moshi imetupa ushahidi mzuri kuliko wowote niujuao kutoka Afrika. Utafiti wa vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro, uliochapishwa katika Nature Medicine mwaka 2025, uliwaondoa baadhi yao kwenye chakula cha asili cha kijijini kwa wiki mbili na kuwapa soseji, mkate mweupe na viazi vya kukaanga. Vijana wa mjini wakapewa kinyume chake, yaani kiburu, maharage na mboga. Wale wa kwanza damu yao ilionyesha dalili za uvimbe mwilini na kinga iliyolegea, wa pili uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Utafiti haukulenga ini, na wiki mbili si maisha. Lakini uvimbe, ambao kwenye ini hugeuza mafuta kuwa makovu, ulionyesha kwamba unasikiliza sahani upesi hivyo, kwa kupanda na kwa kushuka.

Basi anza na sukari ya kunywa, kwa sababu ndiyo rahisi kuondoa na ndiyo ini huigeuza mafuta kwa urahisi zaidi. Chupa ya soda ina sukari kama vijiko vinane au tisa vya chai. Anayejisifu hanywi soda lakini anakunywa chai vikombe vitatu kwa vijiko vitatu amefika palepale. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Asali ya Tabora ni fahari yetu na naiheshimu, ila takriban asilimia 80 yake ni sukari, na kwa mwenye sindromu hii haiwi dawa kwa kuwa imetoka msituni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hula asali nyingi bila vitambi, nao hutembea kwa saa nyingi kila siku kuitafuta. Kahawa isiyo na sukari haina tatizo. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini.

Ugali hauhitaji kufukuzwa mezani. Punguza bonge, ongeza kando yake. Nusu ya sahani iwe mboga: kisamvu, mlenda, mchicha, nsansa iliyolowekwa, robo iwe maharage, kunde, perege au dagaa, robo ndiyo ugali, na dona au mtama ni bora kuliko sembe. Pika kisamvu kwa karanga kidogo, usimimine mafuta juu ya karanga. Mafuta ya mawese yanayoshuka na treni kutoka Kigoma yanahitaji neno la pekee. Mekundu yana vitamini A ambayo watoto wanaihitaji, lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito. Huko Uppsala, Sweden, mwaka 2014, watu 39 walilishwa keki za ziada kwa wiki saba, wengine za mafuta ya mawese yaliyosafishwa, wengine za alizeti. Uzito uliongezeka sawasawa, lakini mafuta ya ini yaliongezeka zaidi kwa wale wa mawese. Mwenye kiuno kilichozidi achague alizeti, apime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Na msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, pesa za mwaka mzima zikiingia kwa wiki chache, ndipo nyama choma, bia na soda humaliza kazi ya miezi iliyopita. Pombe juu ya ini lenye mafuta huongeza kasi ya makovu. Kwa mtu huyu ushauri wangu ni kuiacha kabisa.

Kupungua uzito kunafanya kazi kiasi gani? Jibu lilitoka Kuba, nchi isiyo tajiri. Wagonjwa 293 wenye uvimbe wa ini walipewa ushauri wa chakula na mazoezi kwa wiki 52, wakachomwa sindano ya kutoa kipande cha ini mwanzo na mwisho. Waliopungua asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, uvimbe ulikwisha kwa 9 kati ya 10, na makovu yalipungua kwa karibu nusu yao. Lazima niseme pia kwamba waliofika huko walikuwa mmoja tu kati ya kumi. Ndiyo maana lengo la kwanza liwe dogo: mwenye kilo 80 atafute kupunguza kilo 4, kiasi ambacho tayari hupunguza mafuta ya ini, kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, bila kufunga kula ghafla, maana kukonda haraka mno huweza kuliumiza ini. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Kwetu kitambi kimekuwa ushahidi wa neema na kukonda kumekuwa ushahidi wa UKIMWI. Mwanamke anayepungua kilo nne husemwa kisimani. Mwanamume huulizwa kama mambo yamemharibikia. Hofu hiyo ina msingi katika misiba tuliyoiona, na mtu asidharauliwe kwa kuwa nayo. Njia ninayoiona ni kusema mapema: mwambie mwenzi wako, wazazi na majirani wa karibu kwamba umepimwa, una presha na kiuno kimezidi, na umeagizwa kupungua. Kinachotangazwa kabla hakigeuki uvumi baadaye. Na anayetumia ARV, hasa zenye dolutegravir zilizoanza kutumika kwa wingi nchini mwaka 2019, akiona uzito unapanda asithubutu kuziacha; alieleze jambo hilo kliniki ya CTC na apimwe sukari na presha palepale.

Wengine watasema: bila ultrasaundi nitajuaje? Ultrasaundi ni nzuri, lakini huona mafuta yakiwa mengi tu, na haioni makovu ya mapema, ambayo ndiyo yanayoamua hatima ya mgonjwa. Damu ya kawaida inasaidia zaidi. Ukifika hospitali ya wilaya au ya mkoa, Kitete, omba namba tatu: vimeng'enya vya ini AST na ALT, na chembe sahani. Zidisha umri wako kwa AST. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Mtu wa miaka 56 mwenye AST 50, ALT 49 na chembe sahani 200 anapata 2,800 gawanya kwa 1,400, yaani 2. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, rudia baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Juu ya 2.67, daktari akupeleke kwa mtaalamu. Katikati, unahitaji uchunguzi zaidi. Kwa aliyepita miaka 65 mpaka wa chini ni 2, na kwa aliye chini ya 35 hesabu hii haitegemewi sana. Usipumbazwe na ALT ya kawaida. Ini lenye makovu linaweza kutoa namba nzuri.

Kuhusu dawa, Marekani iliidhinisha ya kwanza mahsusi kwa uvimbe huu, resmetirom, mwezi Machi 2024, nayo ni kwa wenye makovu ya kati na makubwa pamoja na lishe na mazoezi, si badala yake. Dawa unazopewa sasa za presha na sukari ndizo zinazookoa maisha. Zimeze kila siku. Ukiandikiwa dawa ya kolesteroli ya kundi la statini usiikatae kwa kuogopa ini, kwani ni salama kwa wengi wenye ini lenye mafuta na inalinda moyo. Zile chupa za kusafisha ini zinazouzwa sokoni na kwenye mabasi hazijathibitishwa, na baadhi ya mimea iliyochanganywa humo huunguza ini lililokwisha kuchoka. Panadoli nayo isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ini bovu amuulize daktari kiwango chake.

Lipo jambo la mwisho ambalo mtu wa Tabora hapaswi kuliacha. Mafuta si adui pekee wa ini huku. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Pima mara moja: ukiwa huna virusi na huna kinga, tafuta dozi tatu za chanjo, ukiwa navyo, ufuatiliwe, kwa sababu virusi na mafuta vikikutana katika ini moja hatari ya saratani huongezeka. Sumukuvu ni wa tatu. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara kwa mahindi, na kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka huchochea saratani ya ini. Anika mahindi na karanga juu ya turubai, si juu ya ardhi, hifadhi vikiwa vikavu, na karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, hata kuku wasipewe. Na mtu mwenye kiuno, presha au sukari iliyozidi akiona macho ya manjano, tumbo linalojaa, choo cheusi kama lami, kutapika damu au kuchanganyikiwa, asisubiri treni ya kesho: atafutiwe gari siku hiyohiyo afikishwe hospitali.